Äiti, Neno la Kuazima

Helsinki, 14 Oktoba 1963

Dada Lempi,

Salamu zikufikie wewe na shemeji Oiva huko Honkaperä. Sisi tu wazima. Mke wangu Kerttu alishikwa na mafua, akapona, akaniachia mimi. Mvua haikatiki, na ofisini wanatengeneza mabomba ya joto, kwa hiyo kamusi tunaiandika tukiwa tumevaa makoti. Tumefika herufi ya O. Wenzangu wananiuliza lini nitaleta tena jibini ya nyumbani, nawaambia muulizeni dada yangu, naye hajibu barua.

Sasa jambo lenyewe. Daktari ameniandikia kuhusu äiti, yaani mama. Anasema kiharusi cha pili kimemlegeza upande mzima na akili inakuja na kutoka. Hatumaini kwamba atafika majira ya joto.

Nina ombi moja tu. Tangu baba amwoe Saima umekaa naye chini ya paa moja, ukaolewa humo humo, ukazeekea humo humo, na hujawahi kumwita äiti. Unamwita Saima. Wageni wakiwepo unamwita "yule". Mwite mama mara moja, angali anasikia. Halitakugharimu kitu.

Najua utasema neno hilo ni la Hilja aliyetuzaa. Basi nikuambie kama mtu anayekula mshahara kwa ajili ya maneno: äiti si neno letu la kuzaliwa. Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba babu zetu waliliokota zamani sana kwa makabila ya Kijerumani ya ng'ambo ya bahari. Wagothi, ambao wamekwisha kutoweka duniani, walikuwa na neno linalofanana nalo. Sisi wenyewe mama tulikuwa tukimwita emä. Waestonia, ndugu zetu, mpaka leo wanasema ema. Kwetu aliyetoka nje aliingia, akapewa kiti, na sasa hakuna mtoto wa Kifini anayelia usiku kwa neno jingine. Kama taifa zima limeweza kumpokea mama wa kuja, wewe unashindwa nini?

Nduguyo,
Reino


Honkaperä, 3 Novemba 1963

Reino,

Barua imefika. Viazi tumevitoa kabla ardhi haijaganda. Ng'ombe mwekundu amezaa dume, tutamchinja. Mgongo wa Oiva ni ule ule. Ziwa limeshika barafu kingoni, katikati bado. Mchungaji mpya anahubiri kwa kasi, watu wanampenda kwa hilo.

Jibini hujaletewa kwa sababu anayetengeneza jibini siku hizi anamgeuza mgonjwa kitandani.

Umeniandikia kuhusu Wagothi. Mimi nilidhani utauliza kama anakula. Anakula. Uji wa maji, na kahawa akichovya mkate. Kula yake inachukua saa nzima, na nusu yake inarudi kifuani. Namlisha, namgeuza, namwosha, namfulia. Kazi ya mwana naifanya. Jina silitoi.

Unasema ni neno tu. Kama ni neno tu, mbona unalihitaji hivyo? Na lugha yenyewe imekwisha kumpa lake: äitipuoli, mama nusu. Sikulitunga mimi. Liweke kwenye kamusi yako.

Mama yetu wewe umemwandika "Hilja", kama mke wa mwenye duka. Ulikuwa na miaka mitatu alipokufa, huna unachokumbuka, hilo nakusamehe. Mimi nilikuwa na kumi na mmoja. Baada ya mazishi Saima, ambaye wakati huo alikuwa mtumishi wetu tu, alikokota kitanda cha mama mpaka uani, na godoro, na nguo, na shali yake ya buluu. Akawasha moto. Nilishika ncha ya shali. Alinibandua vidole kimoja kimoja, akaitupa. Mwaka uliofuata akalala na baba katika chumba kile kile.

Usiniandikie kwamba ilikuwa kifua kikuu na muuguzi ndiye aliyeamuru. Nalijua hilo tangu utotoni. Kulijua hakukunisaidia.

Lempi


Helsinki, 15 Novemba 1963

Dada,

Nafurahi viazi vimetoka salama. Kerttu anakusalimu, ingawa nimemficha barua yako, maana yeye bado ana picha nzuri ya familia ninayotoka.

Umeandika mwenyewe kuwa ilikuwa kifua kikuu, kisha ukanikataza nisiandike. Hivyo ndivyo ulivyokuwa tangu zamani: unajibu hoja kabla haijasemwa, halafu unakasirika kwamba imesemwa. Saima aliokoa mapafu yako na yangu. Ulitaka akuachie shali ukohoe damu ndani yake?

Ninachokumbuka mimi ni mwanamke aliyenifundisha kufunga kamba za viatu, na dada aliyenipiga kofi nyuma ya ghala kwa sababu nilimwita mwanamke huyo äiti. Ulinipiga mpaka nikaahidi. Nikawa namwita kwa kunong'ona, mezani, wewe ukienda kuchota maji. Yeye aliweka kidole mdomoni, kwa sababu alijua nitapigwa. Hilo hujaandika.

Umeomba kamusi, basi pokea. Unajua emä alikwenda wapi, yule mama wetu wa asili? Hakufa. Alihamishiwa zizini. Leo tukisema emo tunamaanisha mama wa mnyama: ng'ombe na ndama wake, dubu na watoto wake. Hayo ndiyo malipo ya waliotangulia. Anayebaki nyumbani ni yule anayeamka asubuhi kuwapikia uji waliopo. Lugha haikuona haya kulikubali hilo.

Na kabla hujaanza kujivunia damu: hata sisar, neno letu la dada, ni la kuazima, limetoka kwa Wabalti wa kusini. Veli, kaka, ndilo la kwetu tangu mwanzo. Nakuambia kwa faida yako.

Nitakuja Pasaka. Mpaka hapo, fanya nililokuomba.

Reino


Honkaperä, 8 Desemba 1963

Reino,

Theluji imefika madirishani. Oiva ameteleza ghalani, hajavunjika. Tumechinja.

Umemweka mama yangu zizini. Umelifikiria, umelipangia sentensi, umenunua stempu. Nimesoma mara mbili nikidhani nimekosea, kisha Oiva akasoma, naye akavaa kofia akatoka nje.

Kaka ni wa asili na dada ni wa kuazima. Imekukalia vizuri. Basi kilichoazimwa hurudishwa. Nirudishe kwa hao Wabalti, nawe uje ukae hapa umgeuze.

Unasema Pasaka. Mwezi wa nane pia ulisema utakaa wiki mbili. Ulikaa usiku mmoja. Ulimwambia mkeo nini? Kwamba ofisi imekuita? Mimi nilikuwepo, Reino. Ulipiga magoti kando ya kitanda, ukamshika mkono, ukamwambia, "Äiti, ni mimi, Reino." Akakutazama, kisha akanigeukia mimi akaniuliza, "Huyu bwana anataka nini? Mwambie mwenye nyumba hayupo." Asubuhi gari la maziwa lilipopita ulikuwa tayari barabarani na begi lako, hukunywa hata kahawa.

Kwa hiyo usiniamuru nimwite äiti kwa sababu wewe ulimwita na hakuitika.

Lempi


Helsinki, 19 Desemba 1963

Lempi,

Krismasi njema kwako na kwa Oiva, pole yake kwa kuanguka. Natuma kifurushi: kahawa, machungwa, na koti la sufu la kulalia kwa ajili ya äiti. Machungwa mkamulie, usimpe vipande, atapaliwa.

Kuhusu mwezi wa nane, uliona ulichoona. Una kipaji cha kuona mtu akiwa chini na kuhesabu vifungo vya shati lake.

Kuhusu zizi, nilieleza historia ya neno. Sikusema juu ya mtu. Anayesoma kwa hasira hujikata kwa chochote.

Hali ikibadilika, piga simu kutoka dukani. Namba ya ofisi unayo, na ya nyumbani unayo. Hilo silo ombi.

Reino


Helsinki, 17 Februari 1964

Lempi,

Sina salamu.

Leo mchana nilikuwa kantini na mtu wa Kajaani aliyeleta kwetu maneno ya lahaja ya huko. Akanipa mkono, akaniambia, "Pole kwa msiba, nimesoma gazetini." Nikamuuliza msiba gani. Mtu yule alishika kijiko chake cha supu akaanza kukikoroga hewani. Amezikwa. Alikufa tarehe kumi na tisa Januari, akazikwa Jumamosi ya kwanza ya Februari, na kanisani palikuwa na watu, na palikuwa na kahawa, na majirani waliuliza Reino yuko wapi, nawe uliwajibu kitu. Nataka kujua uliwajibu nini.

Nilirudi mezani. Mbele yangu kulikuwa na kadi ya neno orpo, yatima. Nikaisahihisha, nikaiweka kwenye kasha lake, nikavaa koti. Kerttu amekuta nimekaa jikoni na viatu vya theluji miguuni.

Wiki nne, Lempi. Simu ya dukani ilikuwa imekufa? Njia zilifungwa? Posta ilihama? Nitajie sababu moja ambayo mtu anaweza kuisema mbele ya mchungaji.

Alikuwa mama yangu. Sikuwa na mwingine. Wako nilimwona kwenye picha.

R.


Honkaperä, 2 Machi 1964

Reino,

Ni kweli. Alikufa asubuhi, amelala kwa ubavu wa kulia. Hakuteseka jinsi daktari alivyohofia.

Simu ya dukani ilikuwa nzima. Sikuitumia.

Majirani niliwaambia unaumwa. Walikuombea.

Ardhi iliganda sana, wakawasha moto juu ya kaburi siku mbili ndipo wakachimba. Yuko upande wa kushoto wa baba. Mama yuko kulia. Jiwe ni lile lile la familia, mchonga mawe ataongeza mstari theluji ikiyeyuka. Nimekwisha kumpa maneno: *Emäntä Saima Karppinen*, na miaka. Koti ulilotuma nilimvalisha.

Lempi


Helsinki, 21 Machi 1964

Lempi,

Emäntä. Mwenye nyumba wa kike, mama shamba. Ndivyo ulivyomwandikia mwanamke aliyekulea, kama unamwandikia hati ya ajira. Juu ya Hilja pamechongwa *Mama yetu mpendwa*, nakumbuka herufi, nilijifunza kusoma kwa kuzipapasa. Atakayepita pale atasema: huyu alipendwa, na huyu aliendesha zizi.

Nimemwandikia mchonga mawe asimamishe kazi. Amenijibu kwamba anasikiliza aliyemwita, naye ni wewe. Bila shaka mlisoma darasa moja.

Unajua ulichoandika? Hujui. Emäntä limezaliwa na emä. Ni yule yule mama wa kale uliyelia kwamba nimempeleka zizini, kavaa kiambishi tu. Ulikataa kumpa Saima neno lililoazimwa, ukamchongea kwenye graniti lile la asili, lililotutangulia sisi na Wagothi. Nilicheka peke yangu ofisini mpaka mlinzi akachungulia. Ni mara ya kwanza kucheka tangu Februari, na halikuwa jambo la kuchekesha.

Lakini sikuandika kwa ajili ya jiwe. Nauliza tena, na nitauliza mpaka nife: kwa nini hukuniita? Kama ni kwa ajili ya zizi, sema. Kama ni kwa ajili ya mwezi wa nane, sema. Usinijibu habari za ng'ombe.

Reino


Honkaperä, 24 Mei 1964

Reino,

Barafu imetoka ziwani Jumatano. Jiwe limechongwa. Sikujua hilo la emäntä. Ungeniambia mapema ningechagua neno jingine. Sasa limekwisha kukaa, na Oiva anasema ni zuri, basi libaki. Alikuwa emäntä wa nyumba hii miaka ishirini kabla yangu, na mtu asiyejua thamani ya neno hilo hajawahi kuamka kukamua.

Umeuliza. Nimekaa na barua yako miezi miwili kwa sababu sikutaka kukujibu. Bado sitaki. Najibu ili usiulize tena.

Baada ya mwaka mpya tulimpeleka sauna, mimi na Oiva, tukimkokota kwenye kigari cha theluji amefunikwa mablanketi. Ilikuwa mchana, jua liko kwenye miti. Oiva akatoka, nikabaki kumwosha. Nilikuwa namsugua mgongo akasema, "Äiti, maji ni ya moto." Niligeuka kutazama aliyeingia. Hapakuwa na mtu. Nikamwambia, "Mimi ni Lempi." Akaanza kulia. Hakulia kama mtu mzima, alilia kama mtoto aliyetazama juu akaona sketi aliyoishika si ya mama yake. Nikamwambia tena, "Saima, ni Lempi hapa." Akazidi. Povu likamwingia machoni, nikashindwa kumshika, anateleza. Basi nikasema, "Nipo." Akanyamaza papo hapo.

Tangu hapo ikawa hivyo kutwa. "Äiti, maziwa yamechujwa?" Yamechujwa. "Äiti, mwenye nyumba ana hasira?" Hana. Nikitoka kwenda zizini anaita mpaka nirudi. Mara moja aliniambia, "Äiti, mimi nakula kidogo. Waambie nakula kidogo." Sikuelewa. Oiva ndiye aliyeelewa, bibi yake alipitia hayo. Zamani zile parokia iliwanadi watoto wa maskini kanisani, na aliyekubali kumlisha mtoto kwa malipo madogo kabisa ndiye aliyempata. Alinadiwa, Reino. Alikuwa na miaka saba au nane. Alitulea sote wawili na hakulisema hata siku moja. Nimelitafuta jina lake kwenye vitabu vya kanisa, sijui mama yake alizikwa wapi.

Na siku moja nikiwa namlisha alinishika mkono wenye kijiko akaniuliza, "Äiti, umekuja kunichukua?" Nikamwambia nimekuja. Akauliza, "Leo?" Nikasema akimaliza uji. Akamaliza. Alikuwa hajamaliza bakuli tangu kiangazi.

Kwa hiyo sasa unajua. Sikumwita äiti. Sijamwita mpaka leo na sitamwita, hata ukileta Wagothi wote mlangoni. Yeye ndiye aliyeniita, na mimi niliitika, maana hapakuwa na mwingine wa kuitika.

Simu niliifikiria. Nilifika hata dukani, nikanunua chumvi nikarudi. Ungekuja. Ungesimama mlangoni na begi lako, angekuuliza tena unataka nini, nawe ungemwambia, "Äiti, ni mimi," na yeye angenitazama mimi ajue ni yupi kati yetu asemaye kweli. Ama ungenisikia namwitikia, halafu ukaniandikia barua kulielezea. Nisingeweza kuitika mbele yako. Na kama nisingeitika, angekufa akilia. Nilichagua. Unichukie kwa hilo, una haki, lakini nisingekuita hata leo.

Asubuhi ile ya mwisho aliuliza kama kwetu ni mbali. Nikamwambia si mbali, kimebaki kilima kimoja. Akasema viatu vinambana. Nikamvua soksi, nikazishika nyayo zake mpaka zilipopata joto. Akasema, "Usitembee haraka, äiti." Nikamwambia sitembei haraka. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na wewe hukuwepo.

Lempi